Dawa Haimalizi Peke Yake: Mhadhara Kuhusu Fangasi wa Ubongo, Seli za Kinga na Suala la Wakati



Hamira tunayoinunua dukani haina ubaya na mtu. Ukoo wake, hata hivyo, ni mpana, na wamo ndugu wawili ambao sisi wa wodini tunawajua kwa majina. Mmoja ni kandida. Huyu anaishi mdomoni, tumboni na ukeni mwa watu wengi wenye afya njema wala hawana habari naye, hadi siku kinga inapolegea. Ndipo mama anapouona ule utando mweupe ulimini mwa mwanawe, au mgonjwa aliyelazwa chumba cha uangalizi maalumu anapopandwa na homa isiyosikia dawa za bakteria, kwa sababu kandida ameingia kwenye damu. Wa pili ni kriptokoka. Maskani yake ni nje: kwenye udongo, miti inayooza na kinyesi cha njiwa. Tunamvuta kwa pumzi. Wengi wetu humu ukumbini huenda tumekwisha kumvuta, mapafu yakamdhibiti, maisha yakaendelea.

Mtu ambaye VVU vimezimaliza seli zake za kinga za CD4 hawezi kumdhibiti. Fangasi anatoka mapafuni, anaingia katika damu, anatua kwenye utando unaoufunika ubongo. Dalili zinakuja polepole. Kichwa kinauma wiki ya kwanza, kinauma wiki ya pili. Mgonjwa anatibiwa malaria, kisha taifodi, huku akimeza panadoli kila siku. Baadaye anaanza kuona vitu viwili viwili, shingo inakakamaa, maneno yanachanganyika, na hapo nyumbani wapo wanaoanza kutaja majini. Hii ndiyo homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2022 yanasema inawapata watu wapatao 152,000 wenye VVU kila mwaka duniani, na inawaua kama 112,000. Wengi wao ni wa Afrika kusini mwa Sahara. Karibu kifo 1 katika kila vifo 5 vya UKIMWI kinatokana na fangasi huyu mmoja.

Ninalotaka kulitetea jioni ya leo ni kwamba dawa ya fangasi, hata iwe kali namna gani, haimponyi mgonjwa huyu peke yake. Kazi inamaliziwa na seli za kinga. Na kuzikutanisha dawa na seli hizo kunataka kujua kipi kitangulie na kipi kifuate, maana tumekwisha kuona, kwa gharama ya uhai wa watu, kwamba kinga ikirudishwa mapema mno inaua. Elimu hiyo imetoka kwa wagonjwa wa Kampala, Mbarara, Harare, Dar es Salaam na Cape Town, waliokubali, wao au jamaa zao, kuingia kwenye utafiti wakiwa taabani.

Historia ya seli hizo yenyewe inaanzia kwenye hamira. Mwaka 1882, mjini Messina katika kisiwa cha Sicily, Élie Metchnikoff alimchoma kwa mwiba kiluwiluwi wa kiti cha pweza, akaona chembe zinazotembea zikiuzingira ule mwiba. Miaka miwili baadaye akachapisha jambo zito zaidi. Alikuwa akimchunguza kwa hadubini kiroboto wa maji, mdudu mdogo ambaye mwili wake unapitisha mwanga, kwa hiyo yaliyomo ndani yanaonekana bila kumpasua. Mdudu huyo humeza mbegu za hamira fulani zenye ncha kali. Mbegu zinatoboa utumbo na kujipenyeza mwilini. Metchnikoff aliziona chembe nyeupe zikizifuata, zikizimeza na kuzivunja. Chembe zikiwahi, mdudu anapona. Mbegu zikiwahi kuchipua, mdudu anakufa. Zingatieni hapo: katika ushahidi wa kwanza kabisa wa seli za kinga kupigana na maradhi, adui alikuwa hamira, na tayari hoja ilikuwa ni nani amewahi.

Mwaka 1908 Metchnikoff alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani, ambaye muda mfupi baadaye, karibu na 1910, alitoa Salvarsan, dawa ya kaswende. Tuzo moja waliigawana mtu wa seli na mtu ambaye angekumbukwa kwa dawa. Baada yao elimu ikagawanyika. Dawa zikafundishwa katika somo moja na kinga katika somo jingine, na mwanafunzi akamaliza chuo akidhani kwamba dawa inaua mdudu na kinga ni habari ya chanjo. Mgawanyiko huo umetucheleweshea mengi.

Sasa tuzitazame dawa zenyewe. Zile za zamani zimetoka kwenye udongo. Elizabeth Lee Hazen akiwa jijini New York na Rachel Fuller Brown akiwa Albany walikuwa wakitumiana kwa posta mitungi ya vijidudu vya udongo, na mwaka 1950 wakatangaza nistatini, ambayo mpaka leo ndiyo matone tunayowapaka watoto wachanga ulimini. Fedha zote za hataza yao, zaidi ya dola milioni 13, walizielekeza kwenye utafiti, hawakuchukua kitu. Nimeona ni haki majina yao yatajwe mbele ya wanafunzi walioko humu. Miaka michache baadaye, kutoka kwenye udongo wa eneo la mto Orinoco nchini Venezuela, ikapatikana amfoterisini B. Hii inashika mafuta maalumu yaliyo kwenye ngozi ya seli ya fangasi na kuiharibu ngozi hiyo. Inaua kweli. Lakini inaumiza figo, inashusha potasiamu na damu, na wakati dripu inapita mgonjwa anatetemeka kwa baridi. Flusitosini ilitengenezwa mwaka 1957 ikitarajiwa kutibu saratani. Haikufaa huko, ikafaa kwa fangasi, mradi isipewe peke yake, kwa kuwa fangasi huizoea haraka. Flukonazoli ikafuata, ya vidonge, rahisi kumeza, rahisi kusambaza hadi zahanati za vijijini.

Ni flukonazoli inayoonyesha hoja yangu waziwazi kuliko zote. Kwa kipimo cha kawaida haiui hamira, inazuia isizaane. Mfikirieni mvuvi aliyeko katikati ya bahari na ngalawa inayovuja. Kuziba tundu ni lazima, lakini maji yaliyokwisha kuingia hayatoki kwa sababu tundu limezibwa. Lazima awepo mtu wa kuyakumba. Mgonjwa mwenye kinga nzima akipewa flukonazoli, nyutrofili na makrofaji zake, yaani seli zinazomeza vijidudu, zinakumba. Mgonjwa mwenye seli za CD4 zisizofika 50 hana wa kukumba, kwa sababu seli za CD4 ndizo zinazotoa amri: zinamwaga kemikali iitwayo intaferoni gama, na makrofaji iliyokuwa imemmeza kriptokoka bila kumuua inapata nguvu ya kumuua. Bila amri hiyo, makrofaji inageuka nyumba ya fangasi. Kriptokoka anaishi humo, anazaana humo, na mara nyingine anatoka akiwa mzima na kuiacha makrofaji ikiwa nzima.

Je, dawa na seli zinasaidiana kwa njia nyingine zaidi ya kugawana kazi? Ndiyo. Ukuta wa kandida una sukari ya ndani iitwayo beta-glukani, ambayo seli zetu zinaitambua kwa kipokezi kiitwacho Dectin-1. Kandida anaificha chini ya tabaka la sukari nyingine. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba dawa nyingine ya fangasi, kaspofungini, hata kwa kiasi kidogo kisichoweza kuua, inalivuruga tabaka hilo na kuifichua beta-glukani, na makrofaji zinaitikia kwa nguvu zaidi. Hapo dawa inamtia fangasi jeraha na wakati huohuo inamfichua mbele ya seli. Kwa bahati mbaya kaspofungini haimfai kriptokoka, ambaye amejivika ganda nene la utelezi linalozifanya seli zimpite bila kumshika. Naye kandida ana jamaa mpya, Candida auris, aliyetambuliwa Japani mwaka 2009 na ambaye ameshapatikana kwenye damu ya wagonjwa Nairobi. Huyo huzikataa dawa kadhaa kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya fangasi wa hatari, Oktoba 2022, liliwaweka kriptokoka, auris na kandida wa kawaida katika kundi la juu kabisa.

Nakuja kwenye majaribio ya wodini, na hapa nitakaa kidogo.

Swali la kwanza ambalo mtu yeyote angeuliza ni hili: kama seli za CD4 zimekosekana na intaferoni gama imekosekana nazo, kwa nini tusimdunge mgonjwa intaferoni yenyewe? Utafiti uliofanywa Thailand na kuchapishwa mwaka 2005 ulikuwa umeonyesha kwamba wagonjwa wenye intaferoni nyingi zaidi katika maji ya uti wa mgongo walikuwa wakiwamaliza fangasi upesi zaidi. Cape Town wakalijaribu kwa wagonjwa 90, matokeo yakatoka 2012. Wote walipata amfoterisini na flusitosini. Wengine wakaongezewa sindano 2 za intaferoni, wengine 6. Waliopata intaferoni walisafika uti wa mgongo kwa kasi kubwa zaidi, na sindano 2 zilifanya kazi sawa na 6. Wagonjwa walikuwa wachache mno kuweza kusema kama vifo vilipungua, na intaferoni ni ghali, kwa hiyo haijafika kwenye miongozo yetu. Lakini hoja ilithibitika ndani ya mwili wa binadamu: dawa ileile, kipimo kilekile, seli zikipewa nguvu, fangasi anaondoka haraka zaidi.

Ushahidi wa upande wa pili nao ulikuja, na ulikuwa mchungu. Katika homa nyingine za uti wa mgongo, deksamethasoni husaidia kwa kutuliza uvimbe. Ikaonekana busara kuijaribu hapa, na wagonjwa 451 wakaingia katika utafiti huo katika nchi za Vietnam, Thailand, Indonesia, Laos, Malawi na Uganda. Ulisimamishwa kabla ya wakati. Waliopewa deksamethasoni hawakupungua vifo, walipata madhara zaidi na ulemavu zaidi, na fangasi wao waliondoka polepole zaidi ingawa dawa ya fangasi ilikuwa ileile. Ukizinyamazisha hata zile seli chache zilizobaki, unaipokonya dawa msaidizi wake.

Mpaka hapo mtu angehitimisha kwamba basi turudishe kinga haraka iwezekanavyo. Tunazo ARV, dawa za kuvifubaza VVU. Mgonjwa akizianza leo, seli za CD4 zinaanza kupanda ndani ya wiki chache. Kwa kifua kikuu kwa watu wenye kinga ya chini sana, kuanza mapema kumeokoa maisha. Kwa nini isiwe hivyo kwa kriptokoka?

Dalili ya kwanza ya hatari ilitoka Harare mwaka 2010. Wagonjwa walikuwa 54 tu, wakitibiwa kwa flukonazoli pekee, na walioanzishwa ARV ndani ya saa 72 walikufa kwa wingi zaidi kuliko waliosubiri wiki 10. Wengi walisema tatizo ni dawa hafifu. Tumpe mgonjwa amfoterisini kwanza, mambo yatakuwa mengine. Ndipo ukaja utafiti wa Uganda na Afrika Kusini, uliofanyika Kampala, Mbarara na Cape Town, na ambao naomba kila mwanafunzi aliyeko hapa ausome kwa macho yake mwenyewe. Wagonjwa 177 walitibiwa kwa amfoterisini na flukonazoli. Nusu walianzishwa ARV wiki ya kwanza au ya pili, nusu waliahirishiwa hadi wiki ya tano. Kamati ya usalama iliingilia kati kabla idadi iliyokusudiwa kutimia. Baada ya wiki 26, kati ya walioanza mapema walikuwa hai asilimia 55. Kati ya walioahirishiwa, asilimia 70. Matokeo yalichapishwa 2014.

Tuitafakari tofauti hiyo. Ni watu 15 katika kila 100, na kilichowatenganisha na wenzao ni tarehe iliyoandikwa kwenye cheti cha dawa.

Ndani ya matokeo hayo limo jambo linaloeleza mengi. Hasara ilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao maji yao ya uti wa mgongo, siku ya kupokelewa, yalikuwa na chembe nyeupe chini ya 5 katika milimita moja ya ujazo. Yaani walioumizwa zaidi na kurudi kwa kinga ni wale waliokuwa hawana kinga kabisa mahali pale. Fangasi walikuwa wamejaa, ganda lao la utelezi limetapakaa kwenye maji ya ubongo, na hata wakifa ganda hilo halitoweki siku hiyo. Seli zinaporudi zikayakuta mabaki hayo yote kwa mara moja, zinashambulia kila mahali. Mguuni, uvimbe ungekuwa maumivu tu. Ndani ya fuvu la kichwa hakuna nafasi ya kuvimba.

Kwa hiyo dawa inatangulia, inapunguza mzigo, na seli zinaitwa baadaye, wiki ya nne hadi ya sita, zije kumaliza kilichobaki. Ndivyo miongozo ya Shirika la Afya Duniani inavyosema sasa. Jukumu la kupunguza mzigo huo upesi limeangukia kwenye dawa, na hapo pia Afrika imetoa jibu. Utafiti uliohusisha wagonjwa 721 katika Malawi, Zambia, Cameroon na Tanzania, ukiwamo mji wa Dar es Salaam, ulionyesha mwaka 2018 kwamba wiki moja ya amfoterisini pamoja na flusitosini inatosha. Vifo katika wiki 10 vilikuwa asilimia 24. Mwaka 2022 ukafuata mwingine, wagonjwa 844 wa Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini: dripu moja tu kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, kisha wiki 2 za flusitosini na flukonazoli. Vifo asilimia 24.8, dhidi ya 28.7 kwa tiba ya zamani, na madhara machache. Kwa muuguzi mmoja anayeangalia wodi nzima usiku, dripu moja badala ya saba ni tofauti kubwa sana.

Nitapita upesi kwenye jambo ambalo vijana huniuliza kila mara: kumwekea mgonjwa seli zenyewe. Wagonjwa wa saratani walioishiwa nyutrofili wamekuwa wakiongezewa nyutrofili za wachangia damu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2015 haukuonyesha kwamba walipona zaidi, ingawa wagonjwa waliojitokeza walikuwa wachache kuliko waliohitajika. Huko Texas, mwaka 2014, seli za kinga ziitwazo limfosaiti zilipachikwa kile kipokezi cha Dectin-1 ili ziweze kumshika ukungu wa mapafu, na wapo wanaotengeneza seli za aina hiyo dhidi ya ganda la kriptokoka. Kazi hizo za kutengeneza seli ni za maabara na panya, nzuri, na ninatamani zifike. Lakini mgonjwa wa Temeke au wa Mbarara anayo tayari njia ya kurudishiwa seli zake mwenyewe, na njia hiyo ni kidonge cha ARV kinachotolewa bure. Kinachomkwamisha ni kwamba tunamwona akiwa amechelewa.

Hili linatibika. Ganda la kriptokoka huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma, na kipimo chake ni cha kijikaratasi, tone la damu, dakika 10. Dar es Salaam na Lusaka ulifanyika utafiti wa watu 1,999 wenye CD4 chini ya 200 waliokuwa wanaanza ARV. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu walipimwa kriptokoka, wenye ganda wakapewa flukonazoli kabla ya kuugua, na wahudumu wa kawaida wa mtaani, ambao si wauguzi, wakawatembelea majumbani kila wiki kwa wiki za mwanzo. Vifo katika mwaka mmoja vilishuka kutoka asilimia 18 hadi 13. Nauthamini utafiti huu kuliko mingi yenye dawa mpya.

Lakini ili ujue nani apimwe kriptokoka lazima kwanza ujue CD4 zake. Tangu 2016, tulipoanza kumwanzishia ARV kila anayekutwa na VVU bila kujali kinga yake, vipimo vya CD4 vimepungua. Mashine zimeharibika, vitendanishi havikuagizwa, na kituo kinapima wingi wa virusi peke yake. Wingi wa virusi unakueleza kama dawa inafanya kazi. Haukuelezi kama mtu aliyekaa mbele yako ana seli 400 au 20. Flusitosini nayo, dawa ambayo muda wa hataza yake umepita zamani sana, kwa miaka mingi haikuwapo kabisa katika nchi nyingi za Afrika, na mpaka sasa kuna hospitali ambako mgonjwa anaambiwa haipo.

Neno kwa familia. Kutoa maji ya uti wa mgongo kunaogopwa. Inasemekana ndiko kunakoua. Ukweli ni kwamba katika ugonjwa huu maji yanajaa na kubana ubongo, na kuyatoa kunapunguza mbano huo. Wagonjwa waliotolewa maji tena katika siku za mwanzo wameonekana kupona zaidi. Na daktari akikwambia kwamba ndugu yako hataanza ARV leo bali baada ya wiki nne au zaidi, usidhani ananyimwa. Mwulize tarehe, iandike, na siku hiyo uwepo kliniki pamoja naye.

Baada ya hapo flukonazoli haiachwi. Inaendelea kwa kipimo kikubwa wiki 8, kisha kidogo, miligramu 200 kwa siku, mwaka mmoja au zaidi. Inasimamishwa tu mgonjwa akiwa ametulia kwenye ARV na CD4 zake zimefika 200, au zimefika 100 na virusi vimefubaa. Yaani dawa inaondoka pale seli zinapohesabiwa na kuonekana zinatosha kuishika kazi. Hospitali isiyo na kipimo cha CD4 haina namna ya kuijua siku hiyo: ama inamwachisha mgonjwa dawa mapema na fangasi anarudi, ama inamlisha vidonge miaka na miaka bila sababu. Ndiyo maana ombi langu kwa wenye mamlaka ya bajeti walioko humu ni la vitu vitatu: vitendanishi vya CD4, vijikaratasi vya kriptokoka, na flusitosini, viwepo katika kila hospitali ya wilaya.